MONTROSE (1973): albamu kali iliyogota namba 133, wasikilizaji wanasemaje?

Haya wadau wa muziki mzito, leo tunawagusa Montrose, bendi ya California ambayo ukiitaja mbele ya watu kumi, tisa watakuuliza "ndio akina nani hao?" na wa kumi atakukumbatia. Albamu yao ya kwanza ilibeba jina la bendi yenyewe, ikatoka mwaka 1973 chini ya Warner Bros. Ina nyimbo nane tu, jumla dakika kama 32. Unabandika wali, albamu inaisha wali haujakauka.

Kwenye chati ya Billboard ya Marekani ilifika namba 133, basi. Hapo ndipo ilipogota. Lakini haikufa. Iliendelea kuuza polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka ikapewa cheti cha platinamu, yaani nakala milioni moja huko kwao. Na mwaka 1989 jarida la Kerrang! la Uingereza lilipopanga albamu 100 bora za hevi metali za wakati wote, hii iliwekwa namba NNE. Kutoka 133 mpaka nne si mchezo, na ndiyo maana mabishano juu yake hayaishi.

NANI ALIKUWEMO

Mwenye bendi ni Ronnie Montrose, mpiga gitaa aliyezaliwa 1947. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kupigia wenzake: alipiga kwenye albamu ya Van Morrison iitwayo Tupelo Honey (1971), kisha akaingia kundi la Edgar Winter na kushiriki They Only Come Out at Night (1972), ile yenye Frankenstein, wimbo usio na maneno hata moja lakini ukashika namba moja Marekani mwaka 1973. Mtu mwingine angebaki hapo anakula kuku. Yeye akaondoka kwenda kuunda bendi yake.

Mwimbaji alikuwa kijana mmoja ambaye nje ya California alikuwa hajulikani kabisa, anaitwa Sammy Hagar. Ndiyo, huyo huyo wa Van Halen wa baadaye. Sammy amesimulia kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka 2011 kwamba alimfuata Ronnie mpaka nyumbani kwake akiwa na nyimbo zake mkononi, mojawapo Bad Motor Scooter. Hakungoja kuitwa. Kwenye besi alikuwepo Bill Church, naye ametokea kwa Van Morrison, na kwenye drams Denny Carmassi, ambaye baadaye alikaa miaka mingi na Heart.

Prodyuza alikuwa Ted Templeman, injinia wa sauti Donn Landee. Hayo majina mawili yawekeni akilini, tutayarudia.

"LED ZEPPELIN WA MAREKANI"

Hili ndilo neno linalosemwa zaidi na wanaoipenda. Ukisikiliza Rock Candy utawaelewa. Inaanza na drams peke yake, nzito, zinatembea taratibu kama tembo aliyeshiba, halafu gitaa linaingia na kukaa hapo hapo juu ya mapigo yale bila haraka. Hakuna anayekimbizana na mwenzake. Mashabiki wa John Bonham wanautambua ukoo mara moja, na wapiga drams wengi wanautaja mwanzo ule kuwa kati ya mianzo bora ya roki nzito. Wimbo huo umeandikwa majina ya wote wanne, na ukiusikia unaona kweli ni kazi ya wanne.

Wabishi wanasema sifa hiyo ni kubwa mno. Zeppelin walikuwa na nyimbo za gitaa kavu, walikuwa na bluzi, walikuwa na vitu vya Mashariki. Montrose hawa wana kitu kimoja tu: kukandamiza. Mimi naona wabishi wako sahihi, ila wanakosoa kitu kizuri. Ubora wa albamu hii ni kwamba imekataa kujitanua. Miaka ile bendi nyingi za roki zilikuwa zinajaza upande mzima wa santuri kwa wimbo mmoja, solo dakika saba, kinanda dakika tano. Hawa wakaja na Rock the Nation, dakika tatu, kwaheri.

NGOMA KWA NGOMA (zile zinazobishaniwa)

Bad Motor Scooter inajulikana kwa mwanzo wake. Ule mlio wa pikipiki inayobadilisha gia si pikipiki, ni gitaa! Ronnie alikuwa anatelezesha kile kibomba cha kidoleni juu ya nyuzi huku sauti imekwaruzwa, mpaka unahisi mtu anapita dirishani. Wimbo wenyewe kautunga Sammy, maneno yake mepesi tu: msichana apande pikipiki aje. Kuna wasikilizaji wanaosema ni utoto. Sawa, ni utoto, ila jaribu kukaa kimya unapopigwa.

Space Station #5 ndiyo inayopewa kura na wale wa gitaa. Inaanza na milio ya ajabu ya angani, halafu gitaa linakata kama msumeno. Habari yake ni mtu anayetaka kuihama dunia. Mwishoni bendi inaongeza kasi, inaongeza tena, mpaka unashangaa Carmassi anatoa wapi mikono. Wenye sikio la hevi metali wanasema hapo ndipo unaposikia mambo ya miaka ya themanini kabla hayajafika. Si maneno matupu: Iron Maiden waliurudia wimbo huo na kuuweka nyuma ya singo yao ya Be Quick or Be Dead mwaka 1992. Hao hao Maiden waliwahi pia kuupiga I've Got the Fire, wa albamu ya pili ya Montrose. Waingereza wale walikuwa wameisoma bendi hii vizuri.

Make It Last inafunga albamu. Hii ina kundi lake la watetezi, wachache lakini wagumu. Ni nzito, ya mwendo wa pole, mtu anatazama nyuma alikotoka na kujiambia afanye vitu vidumu. Sammy alikuwa na miaka 25 au 26 hivi akiiandika, na sauti yake hapo haipigi kelele ovyo. Wanaomchukulia Sammy kama mtu wa sherehe tu waanzie hapa.

I Don't Want It na One Thing on My Mind zinapita. Si mbaya, ila hakuna anayegombana kwa ajili yao.

Sasa Good Rockin' Tonight. Hapa ndipo albamu inapopigwa mawe. Wimbo ni wa Roy Brown wa mwaka 1947, Elvis naye aliurudia 1954. Montrose wakaupiga kwa gitaa nzito. Wasikilizaji wengi wanasema ni wa kujazia, bendi yenye nyimbo nane ikipoteza mmoja kwa kurudia cha mtu umepoteza sehemu ya nane. Hesabu hiyo siwezi kuipinga. Utetezi pekee ni kwamba jukwaani nyimbo za namna ile ndizo zilizoinua watu, na albamu hii kwa kweli ni shoo ya jukwaani iliyoingizwa studio.

ALBAMU NI YA NANI?

Hapa ndipo penye ugomvi wenyewe, na mimi naona ndio wa maana kuliko huo wa nyimbo.

Kundi la kwanza linasema ni ya Ronnie. Jina lake, gitaa lake, bendi aliikusanya yeye. Kundi la pili linasema bila Sammy hakuna kitu, na ushahidi wao ni albamu ya tatu na ya nne, zilizofanywa na Bob James kwenye kipaza sauti (1975 na 1976), ambazo leo ni wachache wanaozitafuta. Kundi la tatu, la wale wanaosoma maandishi madogo nyuma ya jalada, linasema ni ya Templeman na Landee, maana sauti ile kavu na ya karibu, kama bendi imesimama sebuleni kwako, ni ya kwao.

Kundi la tatu lina hoja ngumu. Mwaka 1978 Templeman na Landee hao hao walitoa albamu ya kwanza ya vijana wengine wa California, Van Halen. Gitaa moja, besi, drams, mwimbaji mwenye mbwembwe, nyimbo fupi, na humo ndani kuna nyimbo za watu zilizorudiwa. Unaona mchoro? Tofauti ni kwamba hiyo ya Van Halen imepita nakala milioni kumi Marekani peke yake. Templeman mwenyewe ameeleza kwenye kitabu chake cha 2020 kwamba alipowachukua Van Halen aliwahi kuwaza kumtoa David Lee Roth na kumleta Sammy Hagar. Haikuwa hivyo wakati ule. Ikaja kuwa hivyo 1985, Roth alipoondoka.

Na kuna jambo linalouma kidogo. Mwaka huo wa 1978, Van Halen walipoanza ziara yao ya kwanza kubwa, walikuwa wanafungua jukwaa kwa Journey na Ronnie Montrose. Ronnie alikuwa ametoa Open Fire, albamu ya gitaa tupu bila mwimbaji. Kila usiku mwenye mbegu anapanda jukwaani baada ya watoto waliovuna shamba lile lile. Sijui kama aliumia. Ila hakuwahi kuonekana mtu wa kurudi nyuma kuchukua chake. Ukifuata kazi zake utaona kila kitu kikianza kushika, yeye anahama. Alimwacha Edgar Winter wakati kundi linapanda. Albamu ya pili ya Montrose, Paper Money (1974), haikurudia ya kwanza: mna wimbo wa Rolling Stones uliopigwa pole pole, mna mmoja kauimba Ronnie mwenyewe. Ilifika namba 65, juu kuliko ya kwanza, lakini waliokuwa wanangoja Rock Candy nyingine walinuna. Bill Church alikuwa ameshaondoka. Mwanzoni mwa 1975, baada ya ziara ya Ulaya, Sammy naye nje.

Hapo mambo yanakuwa kama bendi zetu za dansi, wanamuziki wanahama na nyimbo zinahama nao. Kwenye albamu ya Sammy ya 1977, Musical Chairs, wamo Church, Carmassi na Alan Fitzgerald, yule aliyerithi besi ya Church. Yaani Montrose nzima bila Montrose! Na kwenye albamu yake ya jukwaani ya 1978 akazipiga Bad Motor Scooter na Make It Last, watu wengi wakazifahamu kama nyimbo za Sammy. Kwa hiyo mtu anayesema albamu ni ya Sammy, mara nyingi ni kwa sababu aliisikia kwa Sammy kwanza.

Kura yangu? Ya Ronnie, kwa wembamba. Templeman alipata sauti ile kwa sababu alikuwa na gitaa lile mbele yake. Sammy alikuwa anajifunza kazi, na amekiri mara nyingi kwamba Ronnie ndiye aliyemfungulia mlango.

KWA NINI IKAPITWA?

Sababu inayotajwa sana ni kampuni. Warner walikuwa na Doobie Brothers upande mmoja, na kwa soko la Marekani walikuwa na Deep Purple na Black Sabbath upande mwingine. Bendi ngeni ya California inayopiga nzito kama Waingereza ilikosa kabati la kuwekwa. Uingereza ndiko walikopokewa vizuri zaidi. Mei 1974 walipiga kwenye uwanja wa mpira wa Charlton, London, siku ile ya The Who.

Wapo wanaosema tuache kuiita "iliyopuuzwa", maana platinamu ni platinamu. Hoja ina uzito. Lakini nakala milioni moja zilizouzwa kidogo kidogo, baada ya bendi kuvunjika, hazikuweza kuwarudisha wale wanne barabarani.

Wanne hao walirudi pamoja studio mara moja, kwa wimbo Leaving the Warmth of the Womb kwenye albamu ya Sammy ya 1997, Marching to Mars, na miaka ya 2000 wakapanda jukwaani pamoja kwenye shoo chache za Sammy. Ronnie alifariki Machi 2012. Mwezi uliofuata San Francisco lilifanyika onyesho la kumuenzi, Sammy, Church na Carmassi wakapiga nyimbo za albamu hii, na gitaa akalishika Joe Satriani.

Kwa anayetaka kuitafuta: ipo toleo la 2017 lililosafishwa sauti, lenye nyongeza za majaribio ya studio na kipindi cha redio cha 1973 bendi ikiwa bado changa kabisa. Anza na Rock Candy, na usiisikilizie kwenye spika za simu, besi ya Church haitasikika.