Nyasi Isiyozaa Mbegu

Kuna nyasi moja ambayo watu wengi wa Ulaya na Amerika Kaskazini wamekwisha kuiona, hata kama jina lake hawalijui. Mwezi Juni hutoa masuke ya rangi ya waridi iliyofifia. Kufikia Agosti masuke yale yamekauka, yamebana, yamekuwa na rangi ya ngano iliyoiva, na yamesimama wima kwa kimo cha mtu mzima. Mvua huyainamisha, lakini yakikauka hunyanyuka tena. Majira ya baridi yakiingia na bustani nzima ikalala, nyasi hii hubaki imesimama mpaka theluji nzito iishinde.

Masuke hayo hayana mbegu ya kuota. Upepo hauwezi kuisambaza nyasi hii, wala ndege. Kila shina lililopo duniani limetengwa na shina jingine kwa mkono wa mtu aliyeshika sepetu, na kwa hiyo historia yake ni historia ya watu walioipenda kiasi cha kuichimba, kuigawa na kuipeleka mbali. Wa kwanza kati yao, na ndiye nyasi hii inaitwa kwa jina lake, ni Karl Foerster.

Foerster alizaliwa Berlin mwaka 1874. Baba yake, Wilhelm Foerster, alikuwa mtaalamu wa falaki na mkurugenzi wa kituo cha kuchunguzia nyota cha Berlin. Mama yake, Ina, alikuwa mchoraji. Mwaka 1903 kijana huyu alifungua kitalu kidogo cha miche kwenye kiwanja cha wazazi wake, na miaka michache baadaye akakihamishia Bornim, pembeni mwa mji wa Potsdam. Huko alijenga nyumba na kuizungushia bustani, ikiwamo sehemu iliyochimbwa chini kwa ngazi pana, yenye dimbwi katikati. Aliishi hapo mpaka alipofariki mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 96.

Kazi yake ilikuwa mimea ya kudumu, ile inayokauka juu wakati wa baridi na kuchipua tena kwenye mizizi. Alizalisha aina mpya zipatazo mia kadhaa, hasa za delfiniamu na floksi, akizichagua zile zinazostahimili baridi bila kudekezwa. Alitaka mfanyakazi wa kawaida, mwenye kiwanja kidogo na asiye na mtunza bustani, awe na maua kuanzia machipuko hadi vuli. Mmea uliohitaji vijiti vya kuegemea na dawa kila wiki aliutupa.

Nyasi katika bustani za wakati huo zilikuwa na nafasi moja tu: kukatwa ziwe zulia. Nyasi ndefu ilikuwa gugu au malisho. Ni kweli kwamba pampasi kutoka Amerika ya Kusini ilikuwa imeingia Ulaya katika karne ya 19, lakini ilipandwa peke yake katikati ya uwanja kama kitu cha ajabu cha kuonyeshwa wageni. Foerster alizichanganya nyasi na maua kwenye tuta moja, akaziacha zizeeke na kukauka mbele ya macho ya watu. Alishikilia kwamba bustani ina majira saba, si manne, na kwamba baridi nayo ni msimu wa kutazamwa. Mwaka 1957, akiwa na miaka 83, alitoa kitabu kizima juu ya kuingia kwa nyasi na makangaga katika bustani.

Husimuliwa kwamba nyasi yetu aliiona katika bustani ya mimea ya Hamburg, na katika miaka ya 1930 ilikuwa tayari kwenye kitalu chake. Ni chotara iliyojitokeza yenyewe, kwa kukutana kwa jamaa wawili wa porini. Mmoja huishi misituni na hukaa mahali pamoja kwa kishungi. Wa pili hutambaa chini ya ardhi na kuteka uwanja wote, jambo linalomfanya mkulima amwogope. Mtoto wao alichukua utulivu wa wa kwanza na nguvu za wa pili: hukaa palepale alipopandwa, na pia huvumilia udongo wa mfinyanzi, jua kali, kiangazi kifupi na baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Ugumba wake ndio gharama ya uchotara huo, na kwa mwenye bustani ni neema, maana hutamkuta akiota kwa jirani.

Kisha Ujerumani ikagawanyika. Bornim ilijikuta upande wa mashariki, katika eneo lililoshikwa na Wasovieti na kuanzia mwaka 1949 ndani ya nchi mpya ya Ujerumani Mashariki. Kama nyasi hii ingekuwa imebaki kitaluni tu, huenda ingejulikana na majirani wa Potsdam peke yao. Lakini mwaka 1950 ilipelekwa Denmark, na mwaka 1964 ikavuka bahari kutoka huko hadi Marekani. Denmark haikuwa njia ya kupitia tu: kitalu cha Overdam kilipata humo aina yenye majani ya mistari myeupe, ambayo inauzwa hadi leo kwa jina la kitalu hicho.

Nchini Marekani ilipokelewa na wahamiaji waliokuwa wameyasikia mafundisho ya Bornim. Wolfgang Oehme, mzaliwa wa Chemnitz, alihamia huko mwaka 1957 na kukaa Maryland. Baadaye alishirikiana na James van Sweden, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wawili hao walipewa kazi ya kuipanda upya bustani ya Benki Kuu ya Marekani mjini Washington. Badala ya ukoka na vichaka vilivyokatwa mraba, waliweka mafungu makubwa ya nyasi ndefu na maua ya manjano. Wapita njia waliona kwa mara ya kwanza uwanja wa serikali ukiyumba kwa upepo.

Katika jimbo hilohilo la Maryland, Kurt Bluemel, naye mhamiaji kutoka Ulaya, alikuza nyasi za kila aina katika kitalu chake na kuzisambaza nchi nzima. Umahiri wake ulimfikisha mahali ambapo msomaji wa Kiswahili atashangaa: alisaidia kupanda savana ya kutengenezwa katika hifadhi ya wanyama ya Disney huko Florida, iliyofunguliwa mwaka 1998, ambayo mji wake wa kubuni unaitwa Harambe na majengo yake yameiga Pwani ya Kenya. Kwa joto la Florida zilihitajika nyasi nyingine. Nyasi ya Foerster hutaka baridi ili ipumzike.

Kizazi kilichofuata kiliongozwa na Mholanzi Piet Oudolf, ambaye alikwenda kujifunza kwa Ernst Pagels wa Leer, mwanafunzi wa Foerster. Pagels alikuwa ametumia miaka mingi kuchagua nyasi nyingine kubwa, zenye asili ya Asia, ziweze kuchanua katika kiangazi kifupi cha Ujerumani ya Kaskazini. Bustani ya High Line ya New York, iliyofunguliwa mwaka 2009 juu ya reli iliyoachwa, ilipangiwa mimea na Oudolf kwa mtazamo huo wa Bornim: mmea uwe mzuri ukiwa hai na ukiwa mkavu.

Utunzaji wa nyasi ya Foerster haujabadilika tangu enzi zake mwenyewe. Haikatwi wakati wa vuli, kwa sababu masuke makavu ndiyo pambo la baridi. Mwishoni mwa baridi, kabla machipukizi ya kijani hayajarefuka, hufungwa kamba kiunoni na kukatwa kwa mundu au mkasi mkubwa, ikabaki kimo cha kiganja. Mbolea nyingi huifanya ilale. Katikati yake pakianza kufa, machipuko ndiyo wakati wa kuing'oa, kuipasua kwa sepetu na kupanda vipande vya pembeni.

Mwaka 2001 chama cha wakuza mimea ya kudumu cha Marekani kiliichagua nyasi hii kuwa mmea wa mwaka. Mwaka huohuo Potsdam iliandaa maonyesho ya kitaifa ya bustani ya Ujerumani, na bustani ya Bornim ikakarabatiwa kwa ajili yake. Marianne, binti wa Foerster, alikuwa amerudi nyumbani kutoka Ubelgiji baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, na aliitunza bustani ya baba yake mpaka alipofariki mwaka 2010. Leo ipo wazi kwa wageni, na kitalu cha jirani bado kinauza vipande vya nyasi hiyo.