Ndege wa Wakubwa

Krismasi ya mwaka 1251 Mfalme Henry III wa Uingereza aliila mjini York, alikokwenda kumwoza binti yake Margaret kwa Alexander III wa Scotland, mfalme mwenye umri wa miaka 10. Katika vitoweo vilivyoagizwa kulikuwa na korongo 115 na bata maji 125, wale ndege weupe wa shingo ndefu wanaoelea mitoni. Kuku nao walikuwepo, lakini kuku hamtambulishi mfalme.

Si kwamba bata maji ni mtamu kupita kuku. Akishakomaa nyama yake huwa ngumu, na waganga wa zama zile walimhesabu kuwa mzito tumboni. Utamu wake ulikuwa katika kumkosesha jirani. Sheria ya mwaka 1482 ilimkataza kufuga bata maji mtu yeyote asiyekuwa na ardhi ya kumwingizia fedha zisizopungua marki 5 kwa mwaka, na kila mwenye ndege alichanja alama yake kwenye midomo yao. Mkulima wa kando ya mto aliwaona wakipita asubuhi na jioni, akazeeka asionje hata paja.

Tausi alikuwa wa kutazamwa zaidi kuliko kuliwa. Mpishi hakumnyonyoa. Alimchuna ngozi pamoja na manyoya yake yote, akamwoka kwa viungo, akamwacha apoe, kisha akamvisha tena ngozi ile ile: shingo imesimamishwa, mkia umetandazwa, mdomo umepakwa dhahabu. Wengine walimtia kinywani pamba yenye kafuri na kuiwasha, ndege akaingia ukumbini anatema moto. Ngozi mbichi juu ya nyama iliyoiva! Bwana afya wa siku hizi angelifunga jiko hilo kabla ya mchana.

Ndege hao waliapiwa pia. Mwaka 1306, kwenye karamu ya Westminster, Mfalme Edward I aliapa mbele ya bata maji wawili kwamba atalipiza kisasi kwa Robert Bruce, mwasi wa Scotland. Na George Neville aliposimikwa kuwa Askofu Mkuu wa York mwaka 1465, orodha ya karamu yake ilitaja bata maji 400, korongo 204 na tausi 104. Ushindani ulifika mahali kanisa lenyewe likaona aibu: mwaka 1541 Askofu Mkuu Cranmer wa Canterbury aliwaagiza viongozi wa dini kwamba ndege wakubwa wasizidi mmoja katika sahani.

Katika orodha ya Cranmer, pamoja na korongo na bata maji, alikuwemo mgeni: bata mzinga. Wenyeji wa Mexico walikuwa wamemfuga kwa karne nyingi kabla Wahispania hawajamvusha bahari. Alikuwa mkubwa wa kutosha kuijaza sahani ya bwana, ila hakuna sheria iliyomfunga kwa ukoo wala cheo. Mkulima wa Norfolk aliweza kumtotoa uani na kumuuza. Nadhani hilo ndilo lililompa ushindi. Korongo, kwa upande wao, walitoweka Uingereza yapata mwaka 1600 kwa kuwindwa na kwa kukaushwa mabwawa yao.

Kufikia karne ya 18 bata mzinga walikuwa wakiswagwa kwa miguu kutoka Norfolk na Suffolk hadi London. Mwandishi Daniel Defoe, katika miaka ya 1720, alisimulia makundi ya mamia yakivuka daraja moja la mto Stour.

Bata maji hakuondoka mara moja. Huko Norwich, taasisi iitwayo Great Hospital ilijenga bwawa la matofali mwaka 1793, makinda yakinoneshwa humo kwa shayiri hadi karne ya 20. Lakini katika hadithi ya Krismasi ya mwandishi Charles Dickens ya mwaka 1843, maskini wana bata bukini, na tajiri aliyetubu anawapelekea bata mzinga.

Mwaka 2005 polisi walifika nyumbani kwa Peter Maxwell Davies, mkuu wa muziki wa Malkia, visiwani Orkney, kuuliza habari za mzoga wa bata maji, ndege anayelindwa na sheria. Alieleza kwamba ndege huyo aligonga nyaya za umeme akafa, naye akaona hasara kumtupa. Kisha akawauliza askari kama wangependa kuonja.