Alama za Vidole: Kutoka Mikataba ya Bengal hadi Kizimbani

Katika karne ya 19, mahakama na magereza ya Ulaya yalikabiliwa na tatizo ambalo sheria peke yake haikuweza kulitatua, nalo ni kumtambua mhalifu mzoefu, yaani mtu aliyekwisha kutiwa hatiani na ambaye kwa sababu hiyo alistahili adhabu kali kuliko yule aliyekosa kwa mara ya kwanza. Mtu wa namna hiyo alihitaji tu kubadili jina, kunyoa ndevu na kuhamia mji mwingine ili ahesabiwe kuwa mgeni mbele ya hakimu. Nchini Ufaransa, adhabu ya kuwachoma wafungwa chapa ya moto mwilini ilifutwa mwaka 1832, na tangu hapo polisi walitegemea kumbukumbu za askari wenye macho makali pamoja na maelezo ya maandishi kuhusu kimo, nywele na rangi ya macho, ambayo mara nyingi yangeweza kumhusu mpita njia yeyote.

Jawabu la kwanza lililopata sifa kubwa lilitoka kwa karani wa polisi wa Paris, Alphonse Bertillon, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1880 alianza kuwapima wafungwa viungo 11, vikiwemo urefu na upana wa kichwa, urefu wa kidole cha kati na ule wa mguu wa kushoto, akiamini kwamba mifupa ya mtu mzima haibadiliki na kwamba ni vigumu watu wawili kulingana katika vipimo vyote. Mbinu yake ilienea haraka, lakini ilikuwa na kasoro mbili kubwa. Makarani wawili waliompima mtu mmoja waliweza kupata majibu tofauti, na zaidi ya hayo, mwizi anapoondoka haachi nyuma kipimo cha kichwa chake, kwa hiyo vipimo viliweza kumtambua aliyekwisha kukamatwa tu, si yule anayetafutwa.

Wakati Paris ikipima vichwa, mbinu nyingine ilikuwa tayari inakomaa katika koloni la Uingereza huko Bengal. Mwaka 1858, mwaka mmoja baada ya maasi makubwa ya Wahindi dhidi ya utawala wa Waingereza, ofisa mmoja wa serikali, William Herschel, alimtaka mkandarasi aitwaye Rajyadhar Konai apake kiganja wino na kukigandamiza nyuma ya mkataba wa kuleta kokoto za barabara. Lengo, kama Herschel alivyoeleza baadaye, lilikuwa kumtia hofu mkandarasi huyo asije akaikana saini yake. Miaka 19 baadaye, akiwa hakimu wa wilaya ya Hooghly, aliiagiza mbinu hiyo itumike katika usajili wa hati za ardhi, katika magereza ambamo baadhi ya wafungwa waliwalipa watu wengine wawatumikie kifungo, na katika malipo ya pensheni, ambako jamaa za marehemu waliendelea kupokea fedha kwa jina lake, jambo ambalo msomaji wa leo angelitambua mara moja kuwa ni la wastaafu hewa. Asili hii ina uzito wake, kwa kuwa alama za vidole hazikuanza kama nyenzo ya kumsaka muuaji, bali kama nyenzo ya utawala uliowashuku watu wote waliokuwa chini yake.

Mwaka 1880, daktari mmisionari wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi Tokyo, Henry Faulds, alichapisha katika jarida la Nature barua iliyopendekeza kwamba alama zinazoachwa mahali pa tukio zingeweza kumfichua mhalifu. Francis Galton, binamu wa Charles Darwin, akalipa wazo hilo msingi wa kitakwimu katika kitabu chake cha mwaka 1892, ambamo aliigawa michirizi ya ncha ya kidole katika maumbo makuu matatu: upinde, ambao mistari yake hupanda katikati na kushuka upande wa pili, kitanzi, ambacho mistari yake huingia na kurudi upande ule ule, na mzunguko, ambao mistari yake hujizungusha kama duara. Michirizi hiyo hujitengeneza mtoto akiwa bado tumboni, na kwa kuwa mizizi yake iko ndani ya ngozi, jeraha dogo likipona hurudi ilivyokuwa.

Hata hivyo, ugumu halisi haukuwa katika kuamini kwamba kila kidole ni tofauti, bali katika kuipata karatasi moja miongoni mwa makumi ya maelfu kabla mtuhumiwa hajaachiwa, na hapa ndipo walipoingia watu wawili ambao historia imewatendea isivyo haki. Edward Henry, Inspekta Jenerali wa Polisi wa Bengal, aliwakabidhi kazi hiyo Azizul Haque na Hem Chandra Bose, nao wakabuni mpangilio wa kihesabu ulio rahisi ajabu. Vidole 10 hupangwa katika jozi tano zenye thamani za 16, 8, 4, 2 na 1. Kidole chenye mzunguko hupata thamani ya jozi yake, na kisicho nao hupata sifuri. Thamani za vidole vya kwanza vya kila jozi hujumlishwa kando na zile za vidole vya pili, moja huongezwa katika kila jumla, na matokeo yake ni sehemu ambayo kiasi chake na asili yake huanzia 1 na kuishia 32. Kwa njia hiyo karatasi zote hugawanywa katika visanduku 1,024, na karani anayejua kujumlisha huenda moja kwa moja kwenye kisanduku kinachohusika. Ofisi ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na mbinu yenyewe ikaenea duniani ikibeba jina la Henry peke yake, ingawa Henry mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, aliukiri mchango mkubwa wa Haque.

Kesi ya mapema iliyoipima mbinu hiyo inastahili kusomwa kwa makini kuliko nyingine zote. Mwaka 1897, meneja wa shamba la chai katika wilaya ya Julpaiguri alikutwa ameuawa na fedha zake zimeibwa, na miongoni mwa karatasi zake ilipatikana kalenda ya Kibengali yenye alama hafifu za damu. Ofisi ya Calcutta iliilinganisha alama moja na dole gumba la kulia la Kangali Charan, mtumishi wa zamani wa marehemu aliyewahi kufungwa kwa wizi. Mwaka 1898 mahakama, iliyoketi pamoja na wazee wa baraza, ilimtia hatiani kwa wizi lakini ikakataa kumhukumu kwa mauaji, kwa kuwa hapakuwa na aliyemwona akiua. Wako waliouona uamuzi huo kuwa wa woga, lakini kwa hakika ulikuwa wa busara kubwa, kwani alama ya kidole huthibitisha kwamba mtu fulani alikigusa kitu fulani, na haisemi aligusa lini wala alitenda nini kabla au baada ya kugusa.

Huko Argentina, ofisa wa polisi Juan Vucetich alikuwa amebuni mpangilio wake mwenyewe, na mwaka 1892 alama ya damu iliyoachwa mlangoni huko Necochea ilimfanya Francisca Rojas akiri kuwaua watoto wake wawili, baada ya jirani asiye na hatia kushikiliwa kwa kosa hilo. London ilianzisha ofisi yake mwaka 1901, na miaka minne baadaye ndugu wawili, Alfred na Albert Stratton, walinyongwa kwa kumuua meneja wa duka la rangi huko Deptford pamoja na mkewe. Ushahidi mkuu ulikuwa alama ya dole gumba la Alfred iliyobaki kwenye trei ya sanduku la fedha. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba Faulds, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa wazo lenyewe, alikuwa upande wa utetezi, akishikilia kwamba kidole kimoja hakitoshi kuyaondoa maisha ya mtu.

Wakati huo huo matumizi yale ya awali ya kiutawala yaliendelea Afrika. Katika Transvaal, sheria ya mwaka 1906 iliyowalazimisha Waasia kujiandikisha kwa alama za vidole ndiyo iliyozusha upinzani ulioongozwa na Mohandas Gandhi mjini Johannesburg. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea abebe kipande, yaani hati yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za ajira na mshahara wake, iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma na aghalabu kuning'inizwa shingoni. Kutembea bila kipande kulikuwa kosa la jinai, na kibarua aliyeacha kazi bila ruhusa ya mwajiri alisakwa kwa mbinu zile zile za kumsaka mwizi. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya mwanaharakati Harry Thuku, ambaye kukamatwa kwake Machi 1922 kulifuatiwa na polisi kuwafyatulia risasi waandamanaji jijini Nairobi. Sheria ya mwaka 1947 ilipotaka watu wa rangi zote waandikishwe, walowezi wengi wa Kizungu walipinga vikali, wakiona ni fedheha kutiwa wino vidoleni kama wahalifu, fedheha ambayo kwa robo karne waliiona kuwa halali kwa wengine.

Siku hizi kompyuta hupekua mamilioni ya kumbukumbu, lakini uamuzi wa mwisho wa kulinganisha bado hufanywa na jicho la mtaalamu, na jicho hilo hukosea. Baada ya mashambulizi ya treni za Madrid ya Machi 2004, wataalamu wa FBI ya Marekani walidai kwamba alama iliyokuwa kwenye mfuko wenye viwashio vya mabomu ni ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon, ambaye alizuiliwa kwa takriban wiki mbili hadi polisi wa Hispania walipoihusisha alama hiyo na raia wa Algeria. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani, uliokamilika mwaka 2006, ulionyesha kwamba wataalamu hao, baada ya kuviona vidole vya wakili, walirudi kwenye alama hafifu ya Madrid na kuanza kuona humo mambo waliyokuwa wakiyatarajia. Mwaka huo huo mtafiti Itiel Dror na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wataalamu watano walipewa, bila kujua, jozi za alama ambazo wao wenyewe waliwahi kuzithibitisha kuwa za mtu mmoja, wakaambiwa kwamba ni zile za kosa la Madrid, na wanne kati yao wakabadili kauli yao. Kutokana na hayo, katika maabara kadhaa mtaalamu sasa hutakiwa kuichambua alama ya mahali pa tukio na kuandika anachokiona humo kabla hajaonyeshwa vidole vya mtuhumiwa, na wakili wa utetezi ana kila sababu ya kumuuliza shahidi huyo, akiwa chini ya kiapo, kama kweli alifuata utaratibu huo.