Kikundi Kitakaa Wapi?

Nilipomaliza kumrekodi, mzee aliniuliza swali moja tu: "Haya, mjukuu wangu. Na kikundi kitakaa wapi?"

Sikumwelewa. Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, na tulikuwa wanafunzi wanne tunaotengeneza podikasti kuhusu ile reli ya tawi inayotoka Kilosa, ikapita Mikumi na kuishia Kidatu kwenye mashamba ya miwa. Mzee alikuwa amefanya kazi kwenye genge la kukarabati reli hiyo tangu ujana wake. Nilikuwa nimefika Kilosa na simu, maiki ndogo ya kubana kwenye kola, na kujiamini kwingi. Nikamweleza kwamba hakuna kikundi, siku hizi kila mtu anasikiliza kwenye simu yake kwa wakati wake. Akaigeuza mkononi simu yake ya batani.

"Basi mimi simo," akasema, akaniagizia chai.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja wa Mikumi, siku mbili baadaye. Nilimsimulia swali lile kama kichekesho. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba alikuwa kiongozi wa kikundi cha redio mwaka 1973, akiwa msichana mwenye darasa la saba. Wakati wa kipindi ukifika, watu walikaa chini ya mwembe, redio ya National ikawekwa juu ya kigoda. Kipindi kikiisha, yeye alisoma kitabu kwa sauti, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Kisha watu walibishana. "Tukishabishana, tulienda kuchimba choo," alisema. "Hapo ndipo kipindi kiliisha kweli."

Niliporudi chuoni nilikwenda maktaba kutafuta habari za huo mwembe. Ule ulikuwa mradi wa Mtu ni Afya, na asili yake iliniaibisha kidogo: ulitoka chuo kikuu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 chini ya Makerere, baadaye ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi ilipojitegemea kwa sheria mwaka 1975. Mwaka 1971 iliendesha Wakati wa Furaha, kampeni ya redio ya kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru. Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya: wiki 12 za vipindi vya Radio Tanzania Dar es Salaam kuhusu malaria, minyoo, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Viongozi wa vikundi kama 75,000 walipewa mafunzo, na watu wapatao milioni 2 wakashiriki, katika nchi ambayo sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12 na kidogo. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai.

Sisi tulidhani tumevumbua kitu. Neno lenyewe "podcast" lilitokea gazetini Uingereza mwaka 2004, na kwa fikra zetu historia ilianzia hapo. Wasikilizaji wetu wengi walikuwa wenzetu wa hosteli.

Lakini sitaki kuupamba ule mwembe kupita kiasi. Novemba ya mwaka huohuo wa 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na redio iliyofundisha kuchemsha maji ndiyo iliyopeleka amri hiyo. Vikundi vilijadili, ila mada ilishachaguliwa Dar es Salaam. Nilimuuliza bibi kama waliwahi kupendekeza kipindi chao wenyewe. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua huwa inapendekezewa pa kunyesha.

Kosa letu sisi lilikuwa lilelile, tena bila mwembe. Tulichagua mada wenyewe, tukakata wenyewe, tukarusha hewani. Nalipenda hili neno kurusha. Redio hurusha matangazo, na kijana wa duka la simu hukurushia nyimbo kwenye memori kadi. Anayerusha anapaswa kujua nani atadaka.

Basi nikarudi Kilosa na kipindi kwenye flashi. Kijana wa duka karibu na stendi alituazima spika. Mzee aliwaita wenzake wawili wa genge, wajane watatu na watoto waliokuwa wanapita. Tukasikiliza dakika 24 zote. Walicheka mahali ambapo sisi hatukuona kichekesho, yaani pale mzee alipotaja tembo aliyesimama relini upande wa Mikumi.

Kipindi kilipoisha, mjane mmoja akauliza, "Na majina?"

Nikajua mara moja. Katika mahojiano, mzee alikuwa ametaja majina ya watu wa genge lake waliofariki, mmoja mmoja, kwa karibu dakika nne. Mimi ndiye niliyeyakata. Kwenye kompyuta nilikuwa nimeandika pembeni: "Orodha, inachosha." Mume wa mama yule alikuwa wa tatu kwenye orodha.

Sikuwa na la kujitetea. Nilisema nimeyatoa, na nikasema kwa nini. Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Mzee alisogeza kreti ya soda katikati yetu, akaipapasa juu kunionyesha pa kuweka simu. Nikabonyeza kitufe. Akaanza upya, na safari hii kila alipotaja jina alinyamaza kidogo, hadi mtu mmoja amalizie: kwao wapi, alikufa lini, nani alibaki.