Kura 31 za Mlimani City

Mwaka 2019 CHADEMA ilisusia uchaguzi wa serikali za mitaa. CCM ikazoa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Novemba 27, 2024 ilishiriki, na matokeo yakawa yale yale. Naamini hapo ndipo uenyekiti wa Freeman Mbowe, alioushika tangu 2004, ulipoanza kuporomoka. Wajumbe waliokutana Dar es Salaam Januari 2025 walibeba swali zito kuliko majina ya wagombea: je, sanduku la kura bado ni njia? Tundu Lissu alipata kura 513, Mbowe 482. Mbowe alikubali matokeo bila kinyongo, jambo adimu katika vyama vyetu. Aprili 12 chama hakikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi mkuu. Lissu alikuwa mahabusu, akishtakiwa kwa uhaini.