Kizungu Kilikuja na Meli, Sasa India Walikifanyia Nini?

Hapa kwetu ukikosea Kiingereza, kuna ule utetezi wa kila mtu: "Kizungu kilikuja na meli." Watu wanacheka, stori inaisha. Lakini India kilikuja na meli kweli, na miaka inajulikana. Mwaka wa 1834 Mwingereza anaitwa Thomas Macaulay alishuka Madras. Mwaka uliofuata akaandika waraka wa kutaka pesa za elimu za serikali ya kikoloni ziende kwa masomo ya Kiingereza. Hesabu yake ilikuwa rahisi: tupate Wahindi wachache wenye kufikiri kama sisi, wasimame katikati, kati ya mtawala na raia.

Kitu hakupanga ni kwamba hao watu wa katikati wangekaa chini na kuandika riwaya.

Nataka tuongee kuhusu hizo riwaya, na hasa riwaya za kwanza. Mtu akiandika kitabu chake cha kwanza hana jina, hana tuzo, hana wasomaji wanaomngoja. Lazima abishe mlango wa mtu. Ukisoma vitabu vya kwanza vya Wahindi wanaoandika kwa Kiingereza, kwa mpangilio wa miaka, unaona huo mlango ukihama polepole. Na hiyo ni historia ambayo kwenye vitabu vya shule huipati.

Anza 1864. Bankim Chandra Chatterjee, kijana wa Bengal aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni, alitoa *Rajmohan's Wife* kwa sehemu sehemu kwenye gazeti. Wengi huitaja kama riwaya ya kwanza ya Mhindi kwa Kiingereza. Halafu akafanya nini? Akahama. Mwaka uliofuata alitoa riwaya kwa Kibengali, na hakutoa nyingine kwa Kiingereza. Wasomaji wake walikuwa wanaongea Kibengali, sasa angeandikia nani?

Kama hiyo stori unaisikia kama ya nyumbani, ni kwa sababu iko nyumbani pia. Mwaka wa 1964, miaka mia moja kamili baadaye, Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akijiita James Ngugi, alichapisha *Weep Not, Child*, riwaya yake ya kwanza kutoka. Yeye pia baadaye aliacha kuandika riwaya kwa Kiingereza, akarudi Gĩkũyũ. Watu wawili, bahari moja katikati yao, swali lile lile.

Sasa ruka hadi 1935. Mulk Raj Anand anatoa *Untouchable*, siku moja tu katika maisha ya Bakha, kijana msafisha vyoo wa tabaka ambalo wengine hawataki hata kuguswa nalo. Anand alisimulia kwamba wachapishaji 19 walikataa mswada huo. Kilichosaidia ni E. M. Forster, mwandishi Mwingereza mwenye jina, kukubali kuandika dibaji. Yaani kijana msafisha vyoo wa India alihitaji mdhamini Uingereza ndiyo asikike.

Mwaka huo huo R. K. Narayan akatoa *Swami and Friends*, stori ya watoto wa shule, kriketi na mitihani katika mji wa kubuni unaoitwa Malgudi. Mswada ulikuwa umekataliwa mara nyingi mpaka Narayan akamwambia rafiki yake aliyekuwa Uingereza aufunge na jiwe autupe mtoni Thames. Rafiki akaona heri ampelekee Graham Greene. Greene akaupenda, akamtafutia mchapishaji, na akamshauri mwandishi afupishe jina lake ili wasomaji wa huko wasihangaike nalo. Greene alimsaidia sana, hilo siwezi kupinga. Lakini angalia bei ya kupita mlangoni: kipande cha jina lako.

Miaka mitatu baadaye, 1938, Raja Rao akaja na *Kanthapura*. Huyu alimpa usimulizi bibi mzee wa kijiji, na akaacha Kiingereza kikimbie vile bibi anaongea: sentensi ndefu, miungu, umbea na siasa ya Gandhi vyote kwenye pumzi moja. Kwenye dibaji yake alitetea wazo kwamba Mhindi hawezi kuandika kama Mwingereza, na hafai kujaribu. Hapo ndipo mtu alianza kugusa kufuli.

Sasa twende 1997. Arundhati Roy, aliyesomea usanifu wa majengo na kuandika filamu, anatoa *The God of Small Things*. Mapacha wawili, Estha na Rahel, kijiji cha Ayemenem kule Kerala, na mapenzi yaliyovunja sheria za tabaka. Msomaji wa mapema aliyepigia mswada debe alikuwa Mhindi, Pankaj Mishra, aliyekuwa mhariri Delhi. Wakala kutoka London, David Godwin, ndiye aliyepanda ndege kumfuata Roy. Umeona? Kutoka mswada wa kutupwa mtoni mpaka London kufunga safari. Na ndani ya kitabu Roy haombi ruhusa ya mtu: maneno yanaunganishwa, mengine yanasomwa nyuma mbele, Kimalayalam kinaingia bila kubisha hodi. Kikashinda tuzo ya Booker mwaka huo huo. Nyumbani Kerala kesi ikafunguliwa kwamba kina uchafu. Riwaya ya pili ilichukua miaka 20.

Lakini usidhani Booker ndiyo mwisho wa hii stori. Mwaka wa 2004 Chetan Bhagat, mtu wa benki, alitoa *Five Point Someone*, kuhusu wanafunzi watatu wa uhandisi wanaosukumana na alama. Kiingereza chepesi, bei chini ya rupia 100. Wahakiki wengi hawakumpenda, na kusema kweli uandishi wake si wa kukukosesha usingizi. Lakini vijana wa miji midogo ya India, waliojifunza Kiingereza wakiwa na njaa ya kazi, walinunua kwa wingi. Hakungoja London. Alibisha mlango wa msomaji mwenyewe, na msomaji akafungua.

Halafu kuna hawa wa juzi, na hapa ndipo mimi ningekuanzishia wewe. *The White Tiger* ya Aravind Adiga, 2008, nayo ni ya kwanza na nayo ilibeba Booker. Balram, dereva wa tajiri Delhi, anamwandikia barua waziri mkuu wa China. Mzaha uko hapa: Balram mwenyewe haongei Kiingereza, lakini kitabu kizima kiko kwa Kiingereza. Adiga anakuonyesha wazi kwamba hii lugha ina wenyewe, na dereva si mmoja wao.

*A Burning* ya Megha Majumdar, 2020, inabana zaidi. Jivan, msichana wa mtaa wa mabanda Kolkata, anaandika maneno machache Facebook kuhusu shambulizi la treni, na serikali inamgeuza gaidi. Alikuwa akimfundisha Kiingereza Lovely, hijra anayeota kuwa mwigizaji. Sehemu za Lovely zimeandikwa kwa sarufi yake, kila kitu "kinaendelea kutendeka". Mtu mmoja atasema anachekwa; mimi nasema ndiye mwenye sauti hai kuliko wote kitabuni. Soma uamue. Mwaka huo huo Deepa Anappara, mwanahabari, alitoa *Djinn Patrol on the Purple Line*: watoto wa mtaa duni wanapotea, polisi hawashtuki, na Jai wa miaka tisa anajifanya mpelelezi. Ukiwa umekulia mtaa ambao OB yake huandikwa tu baada ya kitu kidogo, hutahitaji kufafanuliwa.

Sasa kuna swali la haki ambalo lazima niliguse. Bakha hangeweza kusoma *Untouchable*. Balram hangesoma *The White Tiger*. Kiingereza kule India, kama hapa, ni lugha ya wachache wenye nafasi, na tuzo inayotangaza vitabu hivi duniani bado inatolewa London. Kwa hivyo anayesema Bankim na Ngũgĩ walikuwa sahihi kuhama ana hoja nzito. Mimi sina jibu la kumpiga nalo. Ninachokiona ni kwamba waliobaki ndani ya Kiingereza na kuandika vizuri ni wale walioacha kukitumia kama cheti cha ustaarabu.

Na hiyo inatuhusu moja kwa moja. Najua watu wangu wenye stori kali kwenye simu, hawazitoi kwa sababu wanaogopa Kiingereza chao si cha mapua. Najua wengine wanafuta neno la mama yao kwenye sentensi, wanaweka la kamusi. Narayan alikatwa jina 1935. Wewe unajikata mwenyewe, na hakuna Greene aliyekuambia.

Kwa hivyo tafuta moja mwezi huu. Kama huna pesa, uliza maktaba ya kaunti au wale wauzaji wa vitabu vya mitumba kando ya barabara. Soma kurasa 20 za kwanza kwa sauti, sikiliza mwandishi anaongea na nani. Kisha fungua ile stori yako kwenye simu, uisome kwa sauti pia, ujiulize swali lilo hilo.