Gécamines
Gécamines ni kampuni ya serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliyorithi migodi ya shaba ya kampuni ya Union Minière, iliyotaifishwa mwaka 1967. Kolwezi ni kitovu chake cha magharibi. Historia yake yaonyesha kwamba shaba pekee haijengi utajiri pasipo uchukuzi na hesabu madhubuti. Vita vya Angola vilipokata reli ya Benguela, iliyobeba shaba hadi pwani, mwaka 1975, shehena zilielekezwa njia ndefu za kusini. Serikali ya Rais Mobutu ilichota mapato, matengenezo yakapuuzwa, madeni yakalimbikizana. Kwa anguko la kampuni, wapo wanaolaumu kushuka kwa bei ya shaba. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi: katikati ya miaka ya 1980, bei ikiwa bado duni, uzalishaji ulizidi tani 400,000. Uliporomoka baada ya mgodi wake wa Kamoto kubomoka mwaka 1990.